Siku kumi katika nchi ya Wainka: mawe, maji, maghala na kamba za nyasi

Njia hii inaanzia Cusco, kusini mwa Peru, inashuka bonde la mto Urubamba, inapanda kwa miguu hadi Machu Picchu, kisha inageukia kusini kuelekea Raqchi na daraja la Q'eswachaka. Watalii wengi hukimbilia Machu Picchu na kuondoka. Wanaona mandhari, na mandhari ni mazuri kweli, lakini hawajaona mawe yalikochimbwa, maghala yaliyowalisha wachongaji, wala barabara iliyowaleta. Ukiyaona hayo kwanza, mji ule unasomeka.

Historia ya kubeba kichwani ni fupi. Hadi karne ya 15 Wainka walikuwa watu wa bonde la Cusco tu, wakigombana na majirani. Kwa mapokeo, mwaka 1438 Pachacuti aliwarudisha nyuma Wachanka waliouvamia mji, akashika utawala. Yeye, mwanawe Topa Inka na mjukuu wake Huayna Capac wakaitanua dola ya Tawantinsuyu, mikoa minne kwa pamoja, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka kusini mwa Kolombia hadi katikati ya Chile. Hawakuwa na chuma, gurudumu, farasi wala herufi. Mtaji wao ulikuwa watu waliohesabiwa. Kaya haikutozwa fedha; ilidaiwa siku za kazi kwa zamu, mit'a: kulima mashamba ya dola, kujenga, kufuma, kubeba mizigo, kupigana vita. Wasimamizi walipangwa kwa makumi, kuanzia kaya 10, 100, 1,000 hadi 10,000. Aliyekuwa zamuni alilishwa na dola. Ndiyo maana safari nzima ni ya kufuata chakula na kazi, siyo dhahabu.

Siku ya 1: Cusco hadi Ollantaytambo, kupitia Moray

Uwanja wa ndege wa Cusco uko mita 3,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutembea siku mbili kabla ya kulala Horombo, mita 3,720. Hapa ndege inakuokota Lima, pwani, na kukushusha mita 3,300 kwa muda usiofika saa mbili. Mwili haukupata nafasi ya kuzoea. Wanaolala Cusco usiku wa kwanza, wakala chakula kizito na kunywa bia, ndio wanaoamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na pumzi fupi. Dawa iliyo bora ni kushuka: toka uwanjani, panda gari, nenda moja kwa moja bondeni. Ollantaytambo iko mita 2,790 na usingizi wake ni mwingine kabisa.

Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, husaidia wengi, lakini zungumza na daktari kabla ya kuondoka nyumbani. Chai ya majani ya koka husemwa hupunguza adha ya kichwa, haizuii ugonjwa wenyewe. Ujue mambo mawili: mkojo wako utaonyesha kokaini ukipimwa kazini siku chache baadaye, na majani hayo hayaruhusiwi kuingizwa katika nchi nyingi. Anayetapika mfululizo, anayepepesuka au kukohoa povu asisubiri asubuhi. Ateremshwe usiku huohuo.

Njiani pitia Moray. Ni mashimo ya asili ya ardhi yaliyozungushiwa matuta ya duara, moja ndani ya jingine, na lililo kubwa lina kina cha mita 30 hivi. Waongoza watalii watakuambia ilikuwa maabara ya kilimo ya mfalme. Ni kweli kwamba joto la matuta ya chini na ya juu hutofautiana, na kwamba maji yaliletwa kwa mifereji. Ushahidi wa maabara, hata hivyo, ni mwembamba. La kutazama hasa ni maji yanavyotoweka. Kisima cha duara kisicho na mlango kingepaswa kugeuka bwawa kila masika. Hakigeuki, kwa sababu ardhi ya chini inapitisha maji na wajenzi waliacha mkondo huo wazi. Mvua kubwa za mwaka 2010 zilibomoa sehemu ya kuta, na mahali palipojengwa upya panaonekana kwa rangi.

Siku ya 2: Ollantaytambo

Toa siku nzima. Mitaa ya mji huu ni ya Wainka na watu bado wanaishi ndani ya kuta zao. Mifereji ya pembeni bado inapitisha maji.

Anza asubuhi na mapema kwenye mlima wa Pinkuylluna, ng'ambo ya mji, kuna maghala yameng'ang'ania mteremko. Kupanda ni dakika 40 hivi, njia ni nyembamba, na mvua ikinyesha iache. Utaona majengo marefu membamba yenye madirisha upande wa mlimani na mengine upande wa bondeni. Nafaka ilimiminwa kwa dirisha la juu, ikatolewa kwa la chini. Uzito wenyewe ndio uliofanya kazi. Eneo nalo halikuchaguliwa kwa bahati: kule juu upepo haukatiki na usiku ni wa baridi, kwa hiyo mahindi hayaoti wala wadudu hawazaliani haraka.

Kisha vuka uende ngome ya hekalu. Matuta makubwa, ngazi nyingi, na kileleni mawe sita marefu ya rangi ya waridi yaliyosimamishwa yakiwa yametenganishwa na vipande vyembamba vya mawe. Mawe hayo hayakutoka hapo. Yalitoka Kachiqata, machimbo yaliyo upande wa pili wa mto, juu kwenye mlima unaouona kilomita kadhaa mbele yako. Yaliteremshwa, yakavushwa mto, yakapandishwa kwa njia ya mteremko ambayo bado ipo. Pembeni mwa njia hiyo kuna mawe yaliyoachwa safarini, wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Ujenzi haukuisha.

Hapa ndipo swali la "waliwezaje" linapostahili kujibiwa, maana mtandaoni limejaa porojo za mawe yaliyoyeyushwa na wageni wa sayari nyingine. Msanifu majengo Jean-Pierre Protzen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza machimbo haya na ya Rumiqolqa miaka ya 1980, akaokota mawe ya kugongea yaliyotapakaa chini, akajaribu mwenyewe. Kazi inakwenda hivi.

Jiwe la kugongea huwa gumu kuliko linalochongwa, au angalau la aina isiyopasuka upesi, kwa mfano kwatzaiti. Kubwa hutumika kumega pembe za jiwe ghafi. La kilo 4 hivi hutumika kusawazisha uso: unaliinua kwa mikono miwili na kuliacha lianguke lenyewe, ukilipa msokoto kidogo linapogusa, ili lisigonge wima bali likwangue. Anayelisukuma kwa nguvu huchoka ndani ya nusu saa na kuumiza viganja. Ukifika ukingoni badilisha, shika dogo lisilofika kilo moja, kwa sababu kubwa litamega kona na kazi yote itaharibika. Ndiyo sababu alama za mapigo katikati ya jiwe la Kiinka ni pana na pembeni ni ndogondogo, na ndiyo sababu maungio yamezama kidogo ndani kuliko uso wa ukuta. Ukishaijua alama hiyo utaiona kila mahali.

Kuoanisha mawe mawili ni kazi ya subira. Jiwe la chini likishalala mahali pake, uso wake wa juu huchongwa ufuate umbo la tumbo la jiwe linalokuja. Unaweka, unainua, unatazama vumbi limebanwa wapi, unagonga hapo, unaweka tena. Kwa jiwe la kilo 200 inawezekana kabisa. Kwa jiwe la tani 50 mtindo huo hauendi, maana huwezi kuliinua mara 20, na wataalamu bado wanabishana kuhusu vipimo vilivyotumika. Hakuna haja ya kuziba pengo hilo kwa miujiza.

Januari 1537 mahali hapa palishuhudia jambo lisilotokea mara nyingi. Manco Inka, mfalme wa Wainka, akiwa amewaasi Wahispania waliokuwa wameiteka nchi, alimshinda jemadari wao Hernando Pizarro chini ya matuta haya: wapiganaji juu, na maji ya mto yakafunguliwa kufurika uwandani mpaka farasi wakakwama. Baadaye Manco alihamia Vilcabamba msituni, na ukoo wake ulidumu huko hadi 1572, Túpac Amaru alipokamatwa na kukatwa kichwa Cusco.

Siku ya 3: Kilomita 82 hadi Wayllabamba

Njia ya Inka ya siku nne ni kilomita 43 hivi, ikianzia mahali kando ya reli panapoitwa Kilomita 82. Kibali lazima kikatwe miezi kadhaa kabla kupitia kampuni yenye leseni, kwani watu 500 tu kwa siku huruhusiwa, na idadi hiyo inajumuisha wapagazi, wapishi na viongozi. Namba ya pasipoti kwenye kibali ifanane na pasipoti uliyoshika mkononi. Ukiwa umebadilisha pasipoti, ibebe na ya zamani. Februari njia hufungwa kwa matengenezo. Mzigo wa mpagazi mwanamume hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na hupimwa mizani mlangoni. Kampuni inayokubembeleza uongeze begi lako ujue itamtwika mtu.

Siku hii ni nyepesi, kilomita 12 hivi. Simama juu ya Patallaqta, chini kando ya mto Kusichaka: matuta yaliyopinda kufuata mkondo, na vijumba nyuma yake. Hapa palilimwa mahindi. Mji wa mlimani usio na uwanda wa kutosha ulihitaji mashamba ya namna hii nyuma yake.

Siku ya 4: Warmiwañusqa

Kilomita ni 11 tu lakini unapanda kutoka mita 3,000 hadi Warmiwañusqa, sehemu ya juu kabisa ya njia, mita 4,215, kisha unashuka hadi Pacaymayu, mita 3,600. Nenda mdogo mdogo, pumua kwa pua, kunywa maji kabla ya kiu. Anayeumia siku hii mara nyingi haumii akipanda. Ni goti likishuka. Fimbo mbili ni bora kuliko moja, na ncha ziwe na mpira, maana ncha za chuma zimekatazwa kwa kuwa zinakwangua mawe.

Ngazi ndizo zinazowashangaza watu wa barabara za magari. Kwa nini ngazi na si mteremko? Kwa sababu hapakuwa na gurudumu. Waliopita ni watu na lama, na lama hubeba kilo 25 hadi 30 tu. Ukizidisha hulala chini na kukutemea mate. Kwa miguu, ngazi hufupisha njia, na jiwe pana halichimbwi na maji ya mvua. Tazama chini pia: kila hatua kadhaa kuna mfereji unaokatiza njia au tundu chini ya ukuta. Barabara ya mlimani hufa kwa maji, haifi kwa miguu.

Barabara hizi, Qhapaq Ñan, zilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 30,000, na mwaka 2014 UNESCO iliziorodhesha kwa niaba ya nchi sita. Matarishi wa dola, chaski, walikaa vibandani kando yake wakipokezana mbio usiku na mchana. Mmoja hakukimbia mbali. Alikimbia kwa kasi hadi kibanda kinachofuata, akirudia ujumbe kwa mdomo huku akimkabidhi mwenzake khipu, nyuzi zenye mafundo ya kutunzia hesabu. Kila mwendo wa siku moja hivi palikuwa na tambo, kituo chenye malazi na maghala. Msafiri wa kawaida hakuruhusiwa kujipitia tu. Barabara ilikuwa ya kazi za dola.

Siku ya 5: Pacaymayu hadi Wiñay Wayna

Ndefu, kilomita 16, na ndiyo nzuri kuliko zote. Runkurakay, jengo la duara, lipo kabla ya kilele cha pili cha njia. Baada yake Sayaqmarka, juu ya genge, panapofikika kwa ngazi moja nyembamba. Kisha njia inaingia msitu wa mawingu: imejengwa juu ya tuta la mawe linalovuka kinamasi, na mahali pamoja inapita ndani ya mwamba uliotobolewa. Sehemu kubwa ya mawe unayokanyaga ni ya asili.

Kutoka Phuyupatamarka unateremka zaidi ya mita 900, karibu yote ngazi. Zikiwa na ukungu huteleza. Weka mguu kiupandeupande, usiruke. Wiñay Wayna, mita 2,700 hivi, ni matuta yaliyopinda kufuata mlima na mstari wa mabirika ya maji yanayoshuka hatua kwa hatua. Fika kabla ya saa kumi jioni ili upate mwanga. Wengi hulala kambini mita chache tu kutoka hapo bila kupaona.

Siku ya 6: Machu Picchu

Kizuizi cha mwisho hufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Foleni huanza mapema zaidi bila sababu ya maana, kwa kuwa Intipunku, lango la jua, mara nyingi liko ndani ya ukungu hadi saa mbili. Kutoka hapo ni chini ya saa moja hadi mjini, mita 2,430.

Tiketi zina saa na mzunguko maalumu. Ukishatoka hurudi, na ndani hakuna choo. Maliza shida zako langoni.

Vipimo vya kaboni vya mifupa, vilivyochapishwa 2021 na Richard Burger na wenzake, vinaonyesha watu waliishi hapa tangu karibu 1420 hadi karibu 1530, yaani mapema kuliko ile 1438 ya mapokeo inavyoruhusu. Ulikuwa mji wa mapumziko wa ukoo wa mfalme, siyo mji mkuu. Watumishi waliozikwa hapa, kwa uchunguzi wa DNA wa mwaka 2023, walitoka pande nyingi za dola. Hiram Bingham alifikishwa hapa 24 Julai 1911 na mkulima Melchor Arteaga, akakuta familia zinalima kwenye matuta. Agustín Lizárraga wa bonde hilohilo alikuwa ameshaandika jina lake ukutani mwaka 1902. Kwa hiyo neno "kugundua" litumike kwa kiasi.

Yaache kwanza mahekalu, fuata maji. Chemchemi iko kwenye mteremko wa mlima Machu Picchu, nje ya mji. Wajenzi walizungushia ukuta unaopitisha maji ili kuyakusanya, kisha wakayaleta kwa mfereji wa mawe wenye urefu wa mita 749. Mteremko wake ni mdogo na wa makusudi: ukiwa mkali maji yanaruka nje na kumomonyoa, ukiwa hafifu mchanga unatuama. Mhandisi wa maji Kenneth Wright na mwanaakiolojia Alfredo Valencia Zegarra, waliopima kila hatua, walikuta mfereji unaweza kubeba lita 300 kwa dakika, zaidi ya chemchemi inavyotoa. Akiba hiyo ni ya siku za mvua na majani yaliyoziba. Maji yanaingia mjini kwa mabirika 16 yanayofuatana, la kwanza likiwa kwenye makazi ya mfalme. Kila moja lina mdomo mwembamba wa jiwe unaorusha maji yajaze mtungi bila kulowesha aliyeushika.

Kutoa maji kulikuwa kugumu kuliko kuyaingiza. Mvua ya mwaka hapa ni karibu milimita 2,000, mteremko ni mkali, na mji umekaa kati ya mipasuko ya ardhi. Wright alikadiria kuwa asilimia 60 hivi ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi, haionekani. Chini ya uwanja mkubwa kuna tabaka nene la vipande vya granaiti, mabaki ya kazi ya wachongaji wenyewe. Kila tuta limejazwa kwa mpangilio: mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha kokoto laini na mchanga, na udongo wa kulimia juu kabisa. Maji yanazama, yanapita kwenye mawe, yanatokea chini ya ukuta bila kuusukuma. Kuta nazo zimeinamia mlimani. Anayejenga tuta kwa udongo mtupu nyuma ya ukuta hupata kazi mwaka wa pili: udongo unajaa maji, unavimba, ukuta unatoa tumbo na kuporomoka. Matuta haya yamesimama karne tano, nyingi kati yake bila mtu wa kuyatunza.

Ukishamaliza hapo, hekalu la jua, chumba cha madirisha matatu na jiwe la kuchongwa liitwalo Intihuatana vitakuchukua saa mbili.

Siku ya 7: Kurudi

Basi hadi Aguas Calientes, mji ulio bondeni chini ya Machu Picchu, treni hadi Ollantaytambo, gari hadi Cusco. Sasa mwili umezoea na Cusco haitakusumbua. Fua nguo.

Siku ya 8: Cusco na Sacsayhuamán

Qorikancha, hekalu kuu la jua, sasa limebeba kanisa la Santo Domingo mgongoni. Mabamba yake ya dhahabu, 700 kwa maelezo ya waandishi wa Kihispania, yalibanduliwa mwaka 1533 kujazia fidia ya Atahualpa, mfalme wa Wainka. Huyo alikuwa ametekwa Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532 na watu 168 wa Francisco Pizarro, akiwa ametoka kumshinda nduguye Huáscar katika vita vya kugombea kiti. Baba yao Huayna Capac alikufa kwa tauni iliyowatangulia Wahispania, yaelekea ndui. Atahualpa alilipa fidia, Wahispania wakamuua. Anayesema dola iliangushwa na watu 168 asisahau walau kutaja ndui, vita vya ndugu, na maelfu ya wapiganaji wa makabila yaliyowachukia Wainka na kujiunga na wageni. Makabila hayo yalikuwa na sababu: dola ilihamisha jamii nzima kwa nguvu, mitmaq, kutoka bonde hadi bonde ili zisiweze kuasi.

Tetemeko la 21 Mei 1950 liliporomosha sehemu za kanisa na nyumba nyingi za mjini. Kuta za Kiinka zilibaki. Lile la 1650 lilifanya vivyo hivyo. Siri yake inaonekana kwa macho. Ukuta ni mpana chini na mwembamba juu, ukiegemea ndani. Milango na vidaka ni vipana chini. Kwenye kona jiwe moja hushika pande zote mbili. Na kwa kuwa hakuna chokaa ya kupasuka, mawe hucheza kidogo na kurudi kukaa mahali pake.

Sacsayhuamán iko juu ya mji, dakika 30 za kupanda. Kuta tatu za mawe ya chokaa zinakwenda kwa mkunjo wa msumeno, na jiwe lililo kubwa hukadiriwa kuzidi tani 100. Mwandishi Pedro Cieza de León, aliyepita Peru katikati ya karne ya 16, aliambiwa walifanya kazi watu 20,000 kwa zamu: 4,000 machimboni, 6,000 wakikokota kwa kamba za ngozi na katani, waliobaki wakichimba misingi na kazi nyingine. Mawe madogo hayapo kwa sababu Wahispania waliyabeba kujengea nyumba zao. Walichoacha ni kile walichoshindwa kukiinua.

Jioni tazama khipu katika jumba la makumbusho. Uzi mkuu, na nyuzi nyingi zikining'inia. Mwaka 1912 Leland Locke alionyesha namna ya kuzisoma namba. Mafundo ya chini kabisa ni mamoja, juu yake makumi, kisha mamia. Kwenye makumi na mamia fundo ni la kawaida, na unahesabu yako mangapi. Kwenye mamoja fundo ni refu, na idadi ya mizunguko yake ndiyo tarakimu, kuanzia 2 hadi 9. Moja huandikwa kwa fundo lenye umbo la tarakimu 8. Sifuri ni nafasi tupu. Mara nyingi uzi mmoja hujumlisha nyuzi za kundi zima, kwa hiyo karani aliyekosea alijulikana.

Siku ya 9: Raqchi

Kilomita 117 hivi kusini mashariki, basi la kwenda Sicuani linakushusha. Hekalu la Wiracocha, mungu muumba wa Wainka, lina urefu wa mita 92 na upana wa mita 25, na ukuta wa katikati bado umesimama: mawe chini, matofali ya udongo juu. Vijipaa vya vigae juu yake ni vya sasa, vya kuukinga na mvua, kwa kuwa adui wa tofali bichi ni maji ya juu.

Lakini watu hupita haraka mno upande wa maghala. Ni ya duara, karibu 150, kwa safu. Kule Huánuco Pampa, kaskazini, yalihesabiwa 497, na Craig Morris alikuta huko mahindi yakihifadhiwa kwenye mitungi ndani ya maghala ya duara, na viazi kwenye ya pembe nne, vikipangwa na nyasi katikati.

Viazi mviringo haviwezi kukaa miaka bila kugeuzwa chuño. Mwezi Juni, juu ya mita 3,800, viazi vidogo hutandazwa chini usiku wa jalidi. Asubuhi jua linayeyusha barafu. Baada ya usiku tatu hadi tano hukanyagwa kwa miguu mitupu, maji yanatoka na maganda yanabanduka, kisha huanikwa hadi vikauke kabisa. Chuño cheupe, moraya, baada ya kuganda hulowekwa kwenye maji yatiririkayo wiki kadhaa kabla ya kuanikwa. Hapo hata viazi vichungu vinalika. Kilo 5 hutoa kilo 1 hivi. Kinachoharibu ni wingu: usiku ukiwa wa mawingu hakuna jalidi, viazi vinaoza badala ya kuganda. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kiangazi tu.

Mwaka 1561 viongozi wa Wahuanca wa Jauja walikwenda mahakamani Lima na khipu zao. Walisoma kila walichowapa Wahispania tangu 1533: mahindi, lama, nguo, wapagazi, na hata vilivyoporwa. Dola ilikuwa imeshaanguka, hesabu ya maghala ilikuwa inaendelea.

Siku ya 10: Q'eswachaka

Kutoka Combapata, gari linapanda kupitia Yanaoca hadi Quehue, kisha linashuka kwenye korongo la mto Apurímac. Daraja lina urefu wa mita 28 hivi na upana wa mita 1.2, na limetengenezwa kwa nyasi tupu. Jamii nne, Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, hulijenga upya kila Juni, kila kaya ikidaiwa sehemu yake ya kamba. Mit'a ya Wainka iligeuzwa na Wahispania kuwa utumwa wa migodi ya Potosí. Hapa imebaki katika sura yake ya kijijini. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2013.

Nyasi za q'oya hukatwa, hulowekwa na kupondwa kwa jiwe ili zisikatike. Kisha husokotwa kwa viganja kama kamba za makumbi, kipande kikiisha kingine kinachomekwa kabla mkia haujatoka. Hii ni kazi ya kaya nyumbani, hasa wanawake. Siku ya kwanza ya ujenzi kamba nyembamba hulazwa barabarani, karibu 30 kwa pamoja, zikasokotwa kwa mwelekeo wa kinyume na ule wa mwanzo. Msokoto mmoja unaufunga mwingine. Tatu za namna hiyo husukwa kuwa kamba kuu. Zinahitajika sita: nne za kukanyagia, mbili za kushika mkono.

Kamba kuu huvutwa kuvuka mto kwa msaada wa daraja kuukuu, ndipo hilo kuukuu linapokatwa na kuachwa lichukuliwe na maji. Kuvuta na kukaza kwenye nguzo za mawe huchukua saa nyingi na wanaume wengi kila upande, kwa sababu kamba moja ikilegea kuliko wenzake daraja lote linainama. Mafundi wawili, mmoja kila ng'ambo, kisha hukaa juu ya kamba tupu wakifunga kuta za pembeni kuelekea katikati, na mwishowe mkeka wa vijiti na nyasi hutandikwa sakafuni.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizuia ujenzi. Machi 2021, baada ya masika mawili juu ya nyasi zilezile, daraja lilikatika na kuanguka mtoni. Juni mwaka huo likajengwa tena. Nyasi huozea zaidi pale zinapogusa mawe ya nguzo, mahali unyevu haukauki, kwa hiyo tazama hapo kabla hujakanyaga. Vuka wachache kwa wachache, shika pande zote mbili, usisimame katikati kupiga picha upepo ukivuma. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Kutaka kuona kazi yenyewe, uwe Quehue wiki ya pili ya Juni, na ubebe mfuko mzito wa kulalia: ni mita 3,700, na usiku wa mwezi huo maji ya kwenye ndoo huganda.